Waya wa Kengele ya Ilagaja

Sogeeni, wenye viti na wasio na viti. Hadithi hii ina mafundi watatu, treni moja, na mwanamke mmoja aliyepewa kalamu asiyoiomba. Kila nilipoisimulia watu wamegombana. Kwa hiyo kama hapa kuna mke na mume waliopatana jana tu, wakae mbalimbali.

Palikuwa na reli ya njia moja iliyokatiza pori la mbung'o, na kwenye reli hiyo stesheni mbili zilizopakana, Kasomela na Ilagaja. Kati yake kilomita thelathini na nane za miti na nyuki. Mkuu wa stesheni ya Kasomela aliitwa Kalunde, mjane ambaye watoto wake walikwisha kujitegemea. Mkuu wa Ilagaja aliitwa Mihayo, mgane, mtu wa maneno machache.

Reli ya njia moja ina sheria yake. Treni haitoki stesheni hii mpaka mkuu wa stesheni ya mbele agonge kengele kwamba njia ni nyeupe. Kengele hizo ziliunganishwa na waya uliotundikwa nguzo kwa nguzo. Mapigo matatu maana yake, "Una nafasi?" Mapigo mawili, "Lete." Basi kila treni ilimtaka Kalunde awe Kasomela na Mihayo awe Ilagaja, saa ileile. Likizo hawakupata, maana mtu wa kuwashikia zamu alihamishwa na hakuletwa mwingine. Jumapili walipumzika wote wawili, lakini Jumapili treni haikupita, na barabara haikuwepo. Ndivyo watu wawili walivyofanya kazi moja kwa miaka kumi na minne, wakaonana mara moja tu, siku Mihayo alipopita Kasomela kwenda kuanza kazi. Treni ilisimama dakika nne. Mihayo aliomba maji ya kunywa, akanywa, na kabla ya kukirudisha kikombe akakipangusa ukingo kwa leso yake. Kalunde alikiweka kikombe kile juu ya kabati, na hakumpa mtu mwingine kukinywea.

Jioni, treni ya mwisho ikishapita, Mihayo aligonga pigo moja zaidi. Halimo katika kitabu cha kanuni. Kalunde naye alijibu pigo moja. Simu za mkononi zilipofika porini walipigiana, wakaulizana habari za mvua, wakaulizana habari za mbung'o, wakaagana. Kesho yake jioni kengele ililia pigo moja, na Kalunde akaona kwamba hapo ndipo walipozungumza. Alimtamani mtu yule. Nalisema mimi waziwazi kwa kuwa yeye hakuwahi kulisema.

Sasa wakubwa wa reli wakaleta kompyuta. Zilikuwa zimesikika habari za wezi wa mitandao wanaogeuza treni za watu wakiwa wamejilaza vitandani kwao, kwa hiyo wakubwa hawakutaka kununua kwa sura. Waliita watengenezaji watatu wa mitambo ya reli, wakamwambia kila mmoja afunge kifaa chake pale Kasomela kwa majaribio. Atakayeonekana hodari wa kujilinda ndiye atakayepewa stesheni zote tisa zilizobaki.

Wa kwanza aliitwa Boma. Alifunga mashine ya kugeuza reli, ile inayoamua treni ipite njia kuu au iingie njia ya pembeni. Kipawa cha Boma kilikuwa ukaidi. Mashine yake haikumtii mtu ila ufunguo wa chuma uzungushwe kwanza kwa mkono ofisini. Mhandisi wake, Mzee Lyatuu, alisema, "Miaka kumi sokoni, hakuna kosa letu hata moja lililotangazwa."

Wa pili aliitwa Kurunzi. Alifunga kisanduku cha kusikiliza kila neno linalopita kati ya stesheni na treni. Kipawa chake kilikuwa macho. Hakuzuia, hakufungua, alimwona mgeni tu, akapiga king'ora. Mhandisi wake, Bwana Hosea, alisema, "Hakuna geti lisilo na mwanya. Kuna geti lenye mtu macho na geti lenye mtu aliyesinzia."

Wa tatu aliitwa Bayana. Alifunga kompyuta ndani ya injini, yenye kupokea ruhusa ya kwenda na kufunga breki. Kipawa chake kilikuwa cha ajabu kidogo: alikiri. Kila mwezi aliwaandikia wateja wake barua ya makosa aliyoyagundua katika kazi yake mwenyewe na namna alivyoyatengeneza. Mmoja wa waamuzi watatu waliotoka makao makuu kupima majaribio hayo aliuliza kama mtu mwenye madonda arobaini ndiye wa kuitwa mzima. Mhandisi wa Bayana, mwanamke aliyeitwa Rukaya, akajibu, "Yetu tumeyahesabu, mheshimiwa. Ya wenzetu yamehesabiwa na nani?" Mzee Lyatuu hakulipenda neno hilo, na mimi simlaumu.

Kalunde hayo yote aliyasikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa limeshika habari nyingine: kwa mitambo hiyo, Ilagaja ingejiendesha yenyewe. Mihayo angeachishwa kazi. Siku ya jaribio, Jumanne, angepanda treni kama abiria. Alipiga simu, na safari hii hakuuliza mvua. "Behewa la tatu," alisema, "upande wa dirisha."

Ijumaa kabla ya hapo ilifika barua ya Bayana. Kosa la arobaini na moja lilikuwa hili. Mitambo mipya ikiunganishwa na waya wa zamani wa kengele, mtu anaweza kuushika waya huo kwenye nguzo yoyote porini na kujifanya yeye ndiye reli. "Kompyuta ya injini tumekwisha kuirekebisha," barua ilisema. "Ikisikia king'ora cha mlinzi haitaamini neno lolote tena, itafunga breki. Lakini mlango wenyewe uko kwenu. Kateni waya." Chini palikuwa na mahali pa saini: nimesoma, nimeelewa.

Kalunde alitia saini. Akachukua koleo, akaenda nyuma ya ofisi, akaubana waya katikati ya meno ya koleo. Ilikuwa jioni. Ndani, kengele ikalia pigo moja. Alisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akarudi ndani akajibu pigo moja. Alijisemea, "Jumanne anakuja. Nitaukata Jumanne." Rukaya, alipoiona saini, aliamini kwamba waya umekatwa, akaendelea na kazi nyingine.

Jumanne saa nne asubuhi treni ilikwisha kupita Ilagaja ikishuka mteremko wa Kasomela. Kalunde alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi mara mbili, na kikombe kimeoshwa. Kengele ikalia, pigo moja.

Akatabasamu. Mkono ukainuka wenyewe kujibu, ukabaki hewani. Mihayo alikuwa ndani ya treni. Ilagaja hapakuwa na mtu.

Aliyeushika waya alituma maneno mawili. La kwanza aliiambia mashine ya kugeuza reli: geuka, ipeleke treni njia ya pembeni. Huko yalikuwa yamesimama mabehewa sita ya petroli. La pili aliiambia injini: njia nyeupe, ongeza mwendo.

Kurunzi ilimwona. Lile neno lilikuja na jina la reli na sauti ya reli, lakini lilitoka mahali ambapo reli haijawahi kusemea. King'ora kikalia ofisini na ndani ya injini. Zaidi ya hapo Kurunzi haikuweza kitu.

Bayana ilikisikia king'ora. Wiki moja nyuma isingekijali, ingeamini ruhusa na kukaza mwendo. Sasa haikuamini. Ikafunga breki, na mabehewa tisa yakaanza kulia kwa chuma juu ya chuma. Lakini treni inayoshuka mteremko haisimami pale unapotaka wewe.

Boma iliamriwa igeuke, ikatafuta ufunguo, haikuuona. Ikaamriwa tena. Ikajifunga pale ilipo, njia kuu, ikawa kama imezikwa. Treni ikaipita ikiburuzika, ikasimama mita sabini mbele yake, salama, mabehewa ya petroli yakiwa upande wa kushoto, karibu kiasi cha abiria kusoma namba zake.

Kalunde alikuwa jukwaani na bendera nyekundu. Mbele yake, hatua mia mbili, aliliona behewa la tatu, na dirishani mtu mwenye mvi. Kanuni inasema treni iliyosimama kwa hatari haishushi mtu, na mkuu wa stesheni haachi jukwaa. Wakatazamana hivyo nusu saa, mafundi wakikagua. Miaka kumi na minne hakuiona mirefu. Nusu saa ile aliiona. Hatimaye akaikunja nyekundu, akafungua ya kijani, na treni ikaingia polepole kwa bendera, kama zamani. Kabla Mihayo hajashuka, Kalunde alikwenda nyuma ya ofisi na koleo akaukata waya.

Waamuzi watatu walikaa kupima. Ondoa Kurunzi, walisema, Bayana isingejua, wala breki zisingefungwa. Ondoa Bayana, king'ora kingelia tu, na treni ingepinduka kwenye kona ya stesheni. Ondoa Boma, breki zingefungwa, na treni ingesimama ndani ya petroli. Mmoja akamtaka Kurunzi, mmoja Bayana, mmoja Boma. Mgeni aliingilia wapi, hakuna aliyejua. Kurunzi humwona mgeni akiwa ndani, mlango hauoni.

Basi wakaigeukia kanuni ya zamani. Waamuzi wakigawanyika, neno la mwisho ni la mkuu wa stesheni. Wakamsogezea Kalunde fomu. "Andika jina moja, mama. Kama ni Boma au Kurunzi, inatosha. Kama ni Bayana, tutaambatisha barua zake zote za makosa pamoja na saini za waliozipokea, zisomwe makao makuu. Treni inarudi saa nane." Wakaenda kula.

Mihayo aliketi kwenye kiti cha wageni, begi miguuni. Kalunde akampa maji kwa kikombe kilekile. Alikunywa nusu.

"Mbona huandiki?" aliuliza.

Kalunde akamwambia yote: barua, saini, koleo, pigo la Ijumaa. Alisema amebakiza miezi saba, na barua ikisomwa hatamaliza hata mmoja. Nyumba ya stesheni wataitaka jioni hiyohiyo.

"Wako sawa wote watatu," Mihayo alisema. "Ukimwandika Boma hutakuwa umesema uongo."

"Ndiyo. Angekuwa mmoja amezidi, ningejua la kufanya. Hawa wako sawa, kwa hiyo naweza kujificha nyuma ya yeyote na bado niitwe mkweli. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Mihayo aliinama, akafungua begi. Chini ya mashati alitoa karatasi, akaifungua mezani. Ilikuwa nakala yake ya barua ileile ya Bayana. Chini palikuwa na saini yake.

"Waya una ncha mbili," alisema. "Nami nilifika nguzoni na koleo. Nikasema, kama ni kukatika, na ukatike upande wake. Kisha nikarudi nikagonga, nione kama bado upo."

Kalunde aliigusa saini ile kwa kidole. Miaka yote alikaa akijiuliza kama lile pigo lina maana kwa mtu wa pili kama lilivyokuwa na maana kwake, na jibu limekuja kwenye karatasi ya makosa. Alicheka kidogo, machozi yakimtoka. Kisha akaelewa kwamba saini ni mbili sasa, na akimwandika Bayana hatakuwa amejitosa peke yake.

"Mimi usinitie kwenye mizani," Mihayo alisema.

"Nikutoe vipi, na ndiyo kwanza umefika?"

Kwa mbali injini ikapiga honi ya kujiandaa. Kalunde akachukua kalamu.

Hapo ndipo ninapoishia mimi, na msinifuate mlangoni kuniuliza aliandika nini. Yuko aliyemwona mgeni, yuko aliyesimamisha treni kwa sababu aliwahi kukiri kosa lake, na yuko aliyekataa kugeuka. Ukimpa mmoja, wawili umewadhulumu. Fomu ina mstari mmoja.

Wewe ungeandika jina gani? Usijibu haraka. Kumbuka saini yako iko chini ya barua, na mtu uliyemngoja miaka kumi na minne bado hajamaliza maji.