Viatu vya Siku Yenyewe

Wapendwa, hebu fungeni vitabu kidogo. Wekeni kidole mlipofikia, tutarudi. Kuna bwana mmoja nataka mkutane naye kabla hamjaanza kusinzia, maana naona jua limeshaingia upande wa akina baba, na pale dirishani kuna watu wawili ambao sitawataja.

Kulikuwa na bwana mmoja aliyecheza mchezo wa shabaha. Si ule wa kulala kifudifudi na kupumua polepole, la. Ule wa kukimbia. Ngojeni niueleze, kwa sababu akina mama wa kwaya wameshaanza kunitazama vibaya. Ni mchezo halali, una leseni, una waamuzi, na una sheria nyingi kuliko chama chenu cha kuzikana. Unasimama na bastola kiunoni. Kidude cha saa kinalia piii! Unakimbia hadi nyuma ya ukuta wa mbao, unaangusha vibao vya chuma, unakimbia tena hadi kwenye mapipa, unapiga goti, unatoboa kadibodi, unainuka, unakimbia. Mwamuzi anakufuata mgongoni na saa yake. Anayemaliza upesi bila kukosa shabaha ndiye anayeshinda.

Huchezewa nje, juani na mvuani. Uwanja wao ulikuwa ndani ya timbo la zamani, palipokuwa pakichimbwa mawe ya kujengea. Upande mmoja changarawe, katikati nyasi, na upande wa pili udongo mweusi, ule ambao ukinyeshewa unakuvua kiatu na soksi bila kukuuliza jina. Sasa niambieni, mtu anayekimbia mahali kama hapo ameshika silaha, kiatu ni jambo dogo? Si dogo. Mwalimu Shikuku anatikisa kichwa. Asante, Mwalimu, angalau wewe uko macho.

Bwana huyu alilijua hilo kuliko wote. Alichagua viatu kwa miezi mitano. Aliwauliza wachezaji wa mpira, akawauliza wapima ardhi, akamsimamisha mchunga mbuzi barabarani akaomba kuona nyayo zake. Akiingia dukani alivaa, akaruka, akapiga goti, akageuka ghafla kana kwamba amesikia mwizi, hadi wateja wengine wakatoka nje. Mke wake alivumilia, akavumilia, mwisho akasema, "Baba watoto, mimi ulinichunguza wiki mbili tu ukaenda kwa baba yangu."

"Mama watoto," akamjibu, "wewe sikukuhitaji kwenye matope."

Chakula hakikupikwa siku hiyo.

Lakini viatu alivipata. Na nataka mnisikilize vizuri hapa: vilikuwa viatu sahihi. Vyepesi, vimeshika kifundo cha mguu, mbele vigumu kwa ajili ya kupiga goti, na chini vina meno ya mpira yanayouma ardhi usoni. Akampelekea fundi viatu wa pale sokoni avikague. Fundi akavipinda, akavinusa, akavigonga kwa kidole, akasema, "Mzee, hivi ndivyo. Nenda ukavivae."

"Nitavivaa siku yenyewe."

"Siku yenyewe ni ya mashindano. Mimi nasema leo."

"Leo? Vichafuke?"

Akavirudisha kwenye boksi, pamoja na ile karatasi yake laini, akaviweka juu ya kabati. Kila Jumamosi timu ilipokutana timboni kwa mazoezi, bwana huyu alifanya mazoezi na raba kuukuu, zimelika chini hadi zimekuwa laini kama mkate. Alikimbia nazo, akafika ukutani akiteleza kidogo, akasimama. Akazoea hivyo. Viatu vipya vilikaa juu ya kabati vikisubiri siku yenyewe.

Timu ilikuwa ya watu wanne, na alama za wanne zilijumlishwa. Mmoja akitolewa anapata sifuri, na timu imezama. Bora wao wote alikuwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, misumari, mabati, vitasa. Alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wengine na alilenga kuliko wote. Lakini mwaka ule daktari alikuwa amemwambia ana presha ya macho, na jicho la kulia, lile la kulengea, halingemaliza mwaka mwingine likiona mbali. Kwa miaka sita timu ile haikuwahi kufika fainali za taifa. Mama akawaambia wenzake, "Mimi nataka mara moja tu. Nisimame kwenye fainali, nione vile vibao vikianguka nikiwa bado naviona. Baada ya hapo hata nikitembea na fimbo, sawa."

Hiyo ndiyo ilikuwa haja yao. Siku ya mchujo ikafika, na alfajiri mvua ikanyesha.

Katika mchezo huu kuna desturi. Kabla ya kuanza, wachezaji hupewa dakika tano za kutembea uwanjani mikono mitupu, kuhesabu hatua. Hatua saba hadi ukutani, hatua nne hadi kwenye mapipa, hapa nitasimama, hapa nitageuka. Mwili unajifunza njia. Sasa, wapendwa, bwana wetu huyu alitembea zile dakika tano akiwa amevaa nini?

Kandambili.

Ndiyo. Za bluu, za bafuni. Anachapa matope, pacha, pacha, pacha, huku midomo inahesabu kwa makini kabisa. Watu wakasimama kumtazama. Yule mama akamwita pembeni.

"Ndugu yangu, utakimbia hivyo?"

"La, mama! Hizi ni za kupimia. Vya kukimbilia viko kwenye boksi."

Mama alifumba macho kidogo, akafumbua, akarudi kwenye kiti chake.

Jina lake likaitwa. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akafungua boksi, akatoa ile karatasi laini, akavaa. Watu wakasogea kuvitazama, maana kwa kweli vilikuwa vizuri. Akasimama kwenye mstari. Piii!

Akaondoka kama mshale. Meno ya mpira yakauma udongo mweusi, hakuteleza hata kidogo, na ile hatua ya saba ya kandambili ikawa hatua ya tano ya viatu vipya. Ukuta ukamfikia kabla hajaungoja. Akafanya alivyozoea kila Jumamosi: akakanyaga ili ateleze kidogo, asimame.

Kiatu kilisimama. Bwana hakusimama.

Aliruka juu ya miguu yake mwenyewe, akageuka hewani, akatua kwa mgongo, puuu! Na mkono wenye bastola ukazunguka, mdomo wa bastola ukaelekea nyuma, walikosimama watu. Kidole kilikuwa nje ya kifyatulio, risasi haikutoka, Mungu ni mwema. Lakini wale watu hawakusubiri kuuliza kidole kiko wapi. Walilala chini wote, mia na zaidi. Mgeni wa heshima alilala na suti yake. Mchuuzi wa mayai alilala na mayai yake. Na sheria ya mchezo huu ni moja tu isiyo na rufaa: mdomo wa bastola ukigeukia watu, hata kwa bahati mbaya, hata kwa nukta moja, umetoka.

Mwamuzi akamwondolea silaha, akamwinua.

"Pole, mzee. Umetoka. Viatu vina kasoro?"

"Havina. Ni vizuri sana."

"Basi mazoezi ulivifanyia wapi?"

"Sikuvifanyia. Nilikuwa navitunza."

Mwamuzi akaandika kwenye fomu: "Alikuwa anavitunza."

Nawaona. Mmeshajua mahubiri yanaelekea wapi. Mnasema mchungaji sasa atasema kiburi, atasema bwana huyu alipenda makuu, angevaa viatu vya kawaida kama watu wengine. Wengine mmeshamgeukia jirani yenu mnamkonyeza, kwamba hilo ni la kwake. Nimeshawaambia viatu vilikuwa sahihi! Hakukosea kuchagua. Ngojeni niwaambie kilichofuata.

Bwana alivivua, akatembea pekupeku hadi alipokaa yule mama. Mama alikuwa anajaza risasi, zamu yake ilikuwa bado, lakini alikuwa ameona kila kitu. Timu ilikuwa imezama. Bwana akasimama mbele yake matope mgongoni, akingoja kutukanwa. Alitaka kutukanwa. Mama akaweka bastola chini, akafungua chupa ya chai, akammiminia kikombe.

"Kaa. Mguu umeumia?"

"Mama, nimekunyima fainali."

"Umeninyima, ndiyo. Na imeniuma, usidhani haijauma. Nikifika nyumbani nitalia."

"Sasa mbona unanipa chai?"

"Kwa sababu nimezoea," akasema yule mama. "Ndugu yangu, mimi na wewe tumekuwa timu moja miaka sita. Umenichelewesha kila Jumamosi. Umekalia kofia yangu. Umepoteza vifuniko vyangu vya masikio mara tatu, na mara ya nne ukaniambia mimi ndiye niliyevipoteza. Siku ya harusi ya binti yangu ulisimama mbele ya mpiga picha. Kila wiki nimekusamehe kitu. Mwanzoni kusamehe kulinichubua vibaya, nilikuwa nakasirika Jumamosi hadi Alhamisi. Mwaka wa pili hadi Jumatatu. Siku hizi nakuwa nimemaliza kabla sijafika dukani. Leo umenifanyia kubwa kuliko zote, kweli, lakini msamaha ni uleule, na nimeuvaa miaka sita. Kunywa chai."

Bwana akanywa. Alilia ndani ya kikombe, na chai ikawa na chumvi, na hakulalamika.

Zamu ya mama ikafika, na ingawa alama zake hazikuwa na maana tena, alisimama kwenye mstari akaangusha vibao vyote, kimoja kimoja, na akaviona vyote vikianguka.

Wapendwa, na sisi je? Sisi pia tumechagua sahihi. Nani hapa hajui kwamba kusamehe ni kwema? Tunaimba kuhusu msamaha kwa sauti nne. Tunaufundisha watoto. Tukiulizwa tutautetea hadi jua lizame. Na tumeutunza! Haujachafuka. Tunausubirisha siku yenyewe, siku ya jambo kubwa, siku ndugu yako atakapouza shamba la baba bila kukwambia, siku utakapouona ule ujumbe kwenye simu ya mwenzi wako. Siku hiyo ndipo tunapanda juu ya kabati, tunafungua boksi, tunavaa kitu ambacho mguu wetu haujawahi kukijua, na tunakimbia nacho kwenye matope. Kisha tunaanguka, na tunasema msamaha haufanyi kazi.

Na mtu akianguka na silaha iliyojaa risasi mkononi, inageukia nani? Walioko nyuma yake. Watoto wako wako nyuma yako, ndugu yangu. Nimekaa na watu wa kanisa hili ambao hadi leo wamelala chini kwa sababu baba alianguka mwaka fulani na hakuwahi kuinuka. Hilo silisemi kwa kucheka. Linaniumiza, na wengine wenu mnajua kwamba nawasema ninyi.

Kwa hiyo siwaulizi leo kama mnaweza kusamehe kubwa. Nauliza, mara ya mwisho ulisamehe kitu kidogo ni lini? Kuku wa jirani kwenye sukumawiki zako. Shemeji aliyerudisha sufuria bila mfuniko. Na wewe, Dada Nasimiyu, yule aliyesimama mbele yako kwenye safu ya sauti ya kwanza Jumapili iliyopita, na kwaya nzima ikaona uso wako. Hapo ndipo timbo letu la Jumamosi lilipo. Hapo ndipo msamaha unachubua, unachubua, halafu unakaa.

Basi, nimalize. Mzee wa kanisa ameniletea vikaratasi viwili wakati nahubiri. Vyote vinahusu gari la kijivu lililofunga geti, kwamba magari yote yako ndani, watu wameacha nyama jikoni, na huyo mwenye gari ana akili gani. Kimoja kina neno ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu niliyempa Meza ya Bwana saa moja iliyopita.

Gari ni langu. Betri imekufa. Pale getini matope yanafika kifundoni, na nahitaji watu wanane wa kusukuma. Nimewatazama kutoka hapa mbele tangu ibada ianze, na mmevaa vizuri sana leo.

Tusimame.