Nyayo Alizozifagia Holo

Kisa kiko mlangoni!

Semeni: kikaribishe, bibi!

Kina vumbi miguuni.

Semeni: kipanguse, kiketi!

Haya, kimeketi. Ketini na nyinyi. Wewe Shija, mwachie mwenzako nafasi kwenye mkeka, au nikuhamishie kwa mbuzi. Nimesikia mkigombea nani nimempa kipande kikubwa cha kiazi, ndiyo maana leo nasimulia kisa hiki na si kile mlichotaka.

Ilikuwa zamani, zamani ile fisi walipokuwa wakija kuomba moto kwa watu na watu wakiwanyima. Huko kwenye miombo palikuwa na kaya ya Lugembe, mrina asali. Alikuwa na mama yake, Kabula, na wake wawili, Holo mke mkubwa na Mbula mke mdogo. Nyumba tatu, ghala moja katikati, uwanja mmoja, na ua wa miiba kuzunguka pote.

Watu wale, binti akiolewa, baba yake humpa mbwa wa kwenda naye ugenini. Holo alikuja na Kidoa, kijibwa cha kubebwa mkononi. Sasa Kidoa ni mzee, na mguu wake mmoja wa mbele umekatika kidole. Mbula alikuja na Radi, mbwa jike mweusi, mwenye mbio, masikio juu.

Walikuwa na desturi nyingine, na hapa tegeni masikio. Ufagio hushikwa na mke mkubwa. Kila alfajiri, kabla hajafagia, husimama akausoma uwanja: nani kapita usiku, mtu au mnyama, kaingilia wapi, katokea wapi. Akishasoma humwambia mama mkwe. Akishamwambia, ndipo hufagia. Husoma, husema, hufagia. Semeni!

Husoma, husema, hufagia.

Basi Holo alisoma nini? Alisoma nyayo za mumewe. Leo zimeishia mlangoni kwa Mbula. Kesho zimeishia mlangoni kwa Mbula. Kesho kutwa, mlangoni kwa Mbula. Holo akifagia, akifagia, vumbi likipanda hadi kwenye paa. Wivu ulimshika hata uji akauacha upoe. Msinitazame hivyo, mimi naujua wivu, nimewahi kuishi nao nyumba moja.

Siku moja Radi akamtimua nguruwe pori shambani kwenye mtama. Mama mkwe akapiga vigelegele, akamtupia mfupa wenye uboho.

"Huyu ndiye mbwa!" akasema. "Mbula mwanangu, baba yako alikuchagulia."

Kidoa akasogea, akanusa hewa, akarudi kulala. Holo akaona uso unamwaka moto. Akajisemea, hata mifupa ya kaya hii sasa ni ya Mbula.

Ndipo mbwa wakaanza kupotea. Kwa jirani yao Maganga kapotea mmoja. Ng'ambo ya mto wamepotea wawili. Watu wakabishana.

"Ni fisi!"

"Fisi gani asiyesikika akilia? Huyo ni chui."

"Chui alishahama nchi hii, acha kututisha."

Mama mkwe akamwita Holo. "Mwanangu, macho ya kaya hii ni wewe. Ukiona unyayo usioujua, uniambie siku hiyo hiyo. Tutawalaza mbwa ndani, wanaume watege mtego."

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Usiku wa tatu ikanyesha mvua ya manyunyu, na ardhi ikawa laini ya kupokea kila kitu. Alfajiri Holo akatoka na ufagio wake, akasimama, akasoma. Akaona nyayo za mviringo, pana, zimetua polepole, wala hazina alama ya kucha. Fisi huacha kucha. Mbwa huacha kucha. Huyu alizificha. Alikuwa chui! Kaingia penye upenyo wa ua, kauzunguka ua kwa ndani, kasimama, kasogea, kasimama tena, halafu kaenda kulala mlangoni kwa Mbula. Pale alipolala pamebaki pakavu. Alisubiri, hakupata kitu, akaondoka.

Holo alijua kwamba mnyama wa namna ile hurudi. Akautazama mlango wa Mbula. Akaona kando yake nyayo za Lugembe, zimeingia, hazijatoka.

"Ngoja na yeye apungukiwe," akasema kimoyomoyo.

Akafagia. Hakusema, akafagia! Alifagia penye upenyo, akafagia mlangoni, akafagia pale palipokuwa pakavu.

"Umesoma nini leo, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Kuku tu, mama. Kuku na mvua."

Jioni ile Holo alimwita Kidoa mapema, akamlaza jikoni kwake, akafunga mlango kwa gogo. Akala ugali wake wote. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akalala usingizi.

Alfajiri akatoka na ufagio. Akasoma.

Chui kaingia penye upenyo, kaenda moja kwa moja mlangoni kwa Mbula. Pale vumbi limevurugika, pana damu, pana mburuzo wa kitu hadi kwenye ua. Holo akataka kufurahi. Kisha akaona unyayo wa mbwa pembeni ya damu. Unyayo uliopungua kidole kimoja.

Alikimbia jikoni. Gogo liko mlangoni vilevile. Lakini chini ya ukuta wa mabua, nyuma ya mitungi, palikuwa na tundu. Wala halikuwa tundu la jana, wajukuu zangu. Kingo zake zilikuwa laini kwa kupitwa na manyoya siku nyingi.

Mbula akatoka nje analia. "Dada yangu! Radi ana mimba, tangu juzi namlaza ndani. Nilisikia Kidoa anakwaruza mlango, nikasema nitamfungulia. Sikuwahi!"

Mama mkwe akaja akiegemea fimbo. Aliutazama uwanja kwa muda mrefu.

"Chui mgeni huzunguka kwanza," akasema. "Huyu hakuzunguka. Alikuwa anaijua njia. Holo, jana ulisoma nini?"

Angeweza kusema kuku. Ulimi ulikuwa tayari.

"Nilimsoma yeye, mama. Nikamfagia. Nilitaka amchukue Radi."

Mama mkwe alinyoosha mkono, akauchukua ufagio kwa Holo, akamkabidhi Mbula. Lugembe akaondoka na wenzake wakaenda kutega mtego wa gogo, mbuzi ndani yake, na siku ya tatu chui akakutwa chini ya gogo lile. Watu wakacheza ngoma. Holo hakwenda.

Mbula hakumsemesha. Alisoma, akasema kwa mama mkwe, akafagia, akapita mlangoni kwa Holo kama anapita kisiki. Hadi asubuhi ya siku ya saba, alipobisha hodi.

"Njoo utazame kitu. Mimi sijakifagia."

Akampeleka nyuma ya ghala, pale ufagio haufiki. Tope la ile mvua lilikuwa limekauka, na juu yake zilipita nyayo za mbwa, zenye kidole pungufu. Zilikwenda kwa Mbula. Kando yake, nyingine zilirudi kwa Holo.

"Alikuwa akija kumtazama Radi," Mbula akasema. "Halafu kabla hujaamka anarudi kwako. Hakuna alfajiri aliyoikosa. Wewe ndiye uliyekuwa ukisoma uwanja, dada. Hukuwahi kuona?"

"Sikuwahi," Holo akasema. "Nilikuwa natafuta nyayo za mtu mmoja tu."

Akachuchumaa, akaweka kiganja chake juu ya unyayo, akalia. Mbula alisimama naye hadi jua likapanda. Hakumrudishia ufagio.

Basi wajukuu zangu, mkiumwa na wivu, na mtaumwa, tazameni na nyayo nyingine zilizopo uwanjani. Anayehesabu cha mwenzake hana jicho la kukiona kinachorudi kwake kila siku. Shija, umesikia? Kula kiazi chako.

Kisa kimenyanyuka mkekani, kimefika mlangoni. Mimi nimekitoa kama kilivyo, sikukifagia. Atakayepita na azisome nyayo zake.