Jinsi Jabali la Mwalida Lilivyopasuka

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, ya kale yanasimulika.

Hapo kale, pale Mwalida, palikuwa na jabali kubwa lenye mshipa mweupe kiunoni na chembe zinazometameta kama magamba ya samaki. Asubuhi lilikuwa la kijivu, jioni likawaka kama kaa la moto. Wanawake walianika uwele juu yake, na desturi yao ilikuwa moja: uwele hulindwa na mtu mzima, maana ndani ya jabali lilikaa zimwi.

Siku moja Nyanzobe alianika uwele, akamwacha binti yake mdogo, Limi, afukuze ndege. Yeye akaenda kisimani kupiga soga. Aliporudi, uwele upo, Limi hayupo. Kilio chake kilitoka ndani ya jiwe.

Basi, Nyanzobe akaona haya. Wenzake walipouliza, akasema mtoto yuko kwa bibi yake. Akaenda peke yake na jembe, akaligonga jabali.

Zimwi likasema, "Gonga, mama, gonga. Unanikuna mgongo."

Akarudi na shoka.

"Gonga, mama, gonga. Unanikuna mgongo."

Akarudi na mchi.

"Gonga, mama, gonga. Unanikuna mgongo. Jua likizama, namla."

Nyanzobe akapiga magoti, akamwomba Mungu msamaha. Kisha akaenda kuwaomba watu, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Niliwadanganya," akasema. "Nilimwacha mtoto peke yake nikaenda kupiga domo. Limi yumo ndani ya jabali."

Mzee Lugembe, mchonga mawe ya kusagia, akamtazama. "Ungesema mapema, mwanangu. Jiwe hatulipigi likiwa baridi."

Basi wakapanga kuni kwenye ule mshipa mweupe, mbali na kilio cha mtoto, wakawasha. Jiwe lilipopata moto sawasawa, wanawake wakaja na mitungi. Wakamwaga maji, jabali likanguruma. Wakamwaga maji, likatoa ufa. Wakamwaga maji, likapasuka katikati.

Zimwi likachomoka, mgongo umeungua, likatokomea nyikani likilalamika kwamba limebomolewa nyumba.

Limi akatoka, vumbi hadi kwenye kope. Nyanzobe akamkumbatia, akampangusa vumbi usoni, akasahau hata kushukuru. Mzee Lugembe akamshukuru Mungu kwa niaba yake, kisha akaomba uji.

Zile nusu mbili zingali zimesimama, na upepo hupita kati yake.

Hadithi yangu imetua hapo. Nanyi, wanangu, mkikosea semeni mapema, wenzenu wapate kuwasaidia.