Sufuria Iliyosimama

Inasimuliwa, na aliyeisimulia hakutia chumvi, kwamba hapo zamani katika mji wa Kufa aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Rumaysa binti Hazim, Mola amrehemu. Hakuwa na kitu cha maana ila sufuria moja kubwa ya shaba. Siku moja akawaita majirani, akasema mbele yao: "Sufuria hii ni wakfu kwa wenye misiba, wawapikie waombolezaji wao." Akaiweka barazani, basi.

Ikafika harusi ya binti yake. Wakwe wako njiani, nyama imeshakatwa, na jikoni hamna chombo cha kuitosha. Nduguye, Shaddad, akaivamia sufuria.

"Iache," akasema Rumaysa.

"Dada, kwani leo kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Sasa inamngoja nani hapa, Malakulmauti?"

"Nilisema wakfu, Shaddad. Neno hilo asili yake ni kusimama. Ukikiweka kitu wakfu, kimesimama mbele ya Mola wake. Hakiuzwi, hakirithiwi, na aliyekitoa hakirudii. Nikiichukua leo, siku ile nilipiga kelele tu."

"Na wakwe utawalisha maana ya maneno?"

Rumaysa akatoka. Akapita nyumba kwa nyumba kuazima vyungu vya udongo. Mapishi gani yale! Huku wali umeungua, kule mbichi, mchuzi haujafika nusu ya watu. Baba wa bwana harusi, mzee Jundub, akaisukuma sahani, akauliza kama mtaa mzima hauna sufuria.

Papo hapo akaonekana mtu mlangoni, anageuka kuondoka. Alikuwa jirani yao, mtengeneza ngozi.

"Mama amefariki," akasema. "Nilikuja kuomba sufuria, nikasikia madufu ya harusi, nikajua iko jikoni. Nisameheni."

"Rudi, mwanangu," akasema Rumaysa. " Iko barazani, imesimama, inakungoja wewe."

Mzee Jundub akaitazama ile sufuria, kavu, safi, kisha akaitazama sahani yake. Akainuka, akashika mkono mmoja wa sufuria.

"Shaddad, shika huko. Wafiwa hawangojeshwi."

Walipoifikisha msibani akarudi, akakaa, akaula ule wali ulioungua mpaka ukoko.

Ndugu zangu, neno hili tunalitamka kila leo. Mtu ameweka kisima wakfu, na ufunguo anao yeye. Mwingine ametoa mkeka msikitini, akikuta umekaliwa ananuna. Huo si wakfu, tusidanganyane. Ukisema kitu kimesimama, kiache kisimame, hata siku unapokihitaji mwenyewe. Mola atujaalie kuyasimamia tuliyoyatamka.