Mkate Ulioona Aibu

Nianze?
— Anza!
Nikizidisha chumvi?
— Tutalamba!

Fisi na mkewe, Bi Naomi, walishika dini ya Kiyahudi. Kila Ijumaa jioni Bi Naomi alitandika meza ya Sabato, akaweka mikate miwili, akaifunika kwa kitambaa cheupe. Desturi yao ni hiyo: divai hubarikiwa kwanza, na mkate hufunikwa usije ukaona aibu kwa kutanguliwa.

Fisi aliuhurumia mkate sana. Ila mkewe mwenyewe, Fisi hakumhurumia. Ijumaa moja alisema mbele ya wageni kwamba supu ni maji matupu. Ijumaa iliyofuata alisema supu ni maji matupu na mpishi ni gogo. Kisha alikula yote peke yake, chapu chapu chapu, wageni wakatazamana.

Bi Naomi akachoka. Akamweleza jirani yao Kindi kwamba Sabato ijayo ikiisha, anafunga mizigo anarudi kwao. Kindi akamwomba angoje hiyo Ijumaa moja, tena asishangae lolote atakaloliona mezani.

Ijumaa ikafika. Fisi akanusa chungu, akasema supu ni maji matupu.

Tiku tiku tiku! Kitambaa kikatikisika, kikasogea kuelekea ukingo wa meza. Fisi akaduwaa.

Sauti nyembamba ikatoka chini ya kitambaa: "Nyumba hii inatutia aibu. Sisi mikate tunahama."

Fisi alipenda mkate kuliko roho yake. "Msihame," akasihi. "Supu inanukia vizuri."

Kitambaa kikasimama. "Na mpishi?"

"Mpishi ni mke wangu. Amechoka tangu asubuhi, na bado amepika."

Tiku tiku tiku, kitambaa kikarudi. Fisi akabariki divai, akafunua. Akakuta mkate mmoja, makombo, na Kindi mwenye tumbo la mviringo.

"Wa pili uko wapi?"

"Ulishahama," Kindi akajibu, akajifuta mdomo, akatoka dirishani, puru!

Fisi akafura, akamgeukia mkewe kumkaripia. Bi Naomi akaugusa mkate uliobaki.

"Huu hausikii, mume wangu. Anayesikia ni mimi."

Fisi aliona aibu, na safari hii hapakuwa na kitambaa cha kumfunika. Akaukata mkate, akampa mkewe kipande kikubwa. Mizigo haikufungwa.

Funzo? Waume, msihangaike kurekebisha tabia. Fugeni kindi.

Hadithi yangu imeshiba.
— Na sisi je?
Nendeni mkale kwenu, na supu msiiseme.