Nyumba Inayokusudiwa

Asubuhi moja ya mwezi Machi, mpima ardhi alisimika jiwe la mwisho la mpaka kwenye kiwanja cha mwanamume mmoja, muuza vipuri vya baiskeli. Kiwanja kilikuwa kitupu. Kilikuwa na nyasi na kichuguu kimoja.

Ndugu zangu, mwanamume huyu hakukinunua kwa ajili yake. Alimnunulia mama yake. Mama alikuwa mjane. Shamba la mumewe lilikuwa limeuzwa zamani na mashemeji, naye alikuwa akiishi kwa kaka yake, katika chumba cha wageni. Kwa watu wa huko, mwanamke aliyekwisha kuolewa hazikwi kwao alikozaliwa. Huzikwa kushoto kwa mlango wa nyumba yake mwenyewe. Mama yule hakuwa na mlango. Jambo hilo lilimnyima usingizi, na mwanawe alilijua.

"Bwana mpima," akasema, "ukichora ramani ya hati, weka na nyumba ya mama."

Mpima akageuka huku na huku. "Iko wapi?"

"Inakuja."

"Ramani huonyesha kilichopo, bwana."

"Wewe chora tu. Nataka aione."

Mpima akacheka. "Haya. Lakini nitaichora kwa mistari ya vipande vipande, na pembeni niandike kwamba ni nyumba inayokusudiwa. Asije mtu akaniuliza kama niliiona."

Mwana akampelekea mama nakala ya ramani. Mama akapitisha kidole juu ya karatasi, akitafuta.

"Mlango ni upi?"

"Huu hapa, mama. Unatazama barabarani."

"Aa. Basi hapa ndipo utakapopigia hodi."

Je, mwana huyu alimdanganya mama yake? La. Matofali aliyafyatua. Mchanga ulimwagwa kiwanjani. Lakini alipokwenda kumtembelea rafiki yake, akaona mama wa mwenzake anakaa kwenye vyumba vinne, akaona haya. Akarudi kwa mpima: ongeza vyumba viwili. Baadaye akataka baraza mbele. Kisha jiko la nje, kisha mahali pa tangi la maji. Mpima alifuta, akachora. Msingi haukuchimbwa, kwa sababu nyumba ilikuwa bado inakua kwenye karatasi, na mwana hakutaka kumjengea mama yake nyumba ndogo kuliko ile aliyokwisha kumwonyesha.

Kule kwa kaka, mke wa kaka alikuwa na ulimi. "Wifi," alisema siku moja chumba kilipovuja, "si uhamie kwenye ile ramani yako?"

"Ningehamia," mama akamjibu, "maana ile haivuji. Masika yote mawili imepita bila tone."

Walicheka wote wawili. Lakini mwana alipokuja, mama hakucheka.

"Mwanangu, hiyo baraza ni ya nani?"

"Yako, mama. Ukae upunge upepo."

"Upepo hata hapa upo. Nipe chumba kimoja chenye mlango, niingie leo."

"Mama, siwezi kukuweka kwenye banda. Watu watasema nini?"



Mama alifariki siku ya Alhamisi, wakati wa mavuno, katika chumba cha wageni cha kaka yake. Wazee wa ukoo wakakutana kiwanjani na majembe. Mkubwa wao akauliza, "Mlango uko wapi, tupime kushoto?"

Mwana akakunjua ramani. Mzee akaitazama kwa muda, akamrudishia.

"Mwanangu, hii ni karatasi. Maiti haiwezi kuingia kwenye karatasi."

Ikabidi nyumba ijengwe kabla ya maziko. Jirani akawaazima mabati yake, vijana wakakata miti, wanawake wakakanda udongo. Mpima aliitwa akaonyesha mlango ungekuwa wapi. Walianza Ijumaa asubuhi. Kabla ya jua kuzama, kilikuwa kimesimama chumba kimoja chenye mlango.

Mchana mmoja, ndugu zangu! Kile alichokiomba akiwa hai kilikuwa kazi ya mchana mmoja.

Mwana alisimama mbele ya mlango ule. Mama yake alikuwa ndani, amelazwa juu ya mkeka. Akainua mkono kupiga hodi, akaushusha.

Sasa nawauliza, kosa lake lilikuwa nini? Hakuwa mchoyo. Hakuwa mwongo. Ramani yenyewe ilisema kweli, maana iliandika kwamba nyumba inakusudiwa. Kosa lake ni kwamba alilipenda kusudio lake hadi likamtosha. Kila alipoliongezea chumba, aliona amempa mama kitu.

Nasi je? Wangapi kati yetu tumekaa hapa na msamaha tunaoukusudia, tukiungojea uwe mkubwa, wa kuchinja mbuzi na kuita ukoo mzima, wakati ndugu anangoja neno moja tu mlangoni? Tunamwonyesha Mungu michoro. Tunamwambia, Bwana, tazama nitakavyokuwa. Tusijidanganye. Siku atakapokuja kupima, atapima kilichosimama juu ya ardhi. Nanyi mnajua ni nani anayewangoja. Sihitaji kumtaja. Mkitoka hapa, msiende kwanza nyumbani.

Mama yule alizikwa Jumamosi saa nane, kushoto kwa mlango. Siku ya nne baada ya maziko, kama ilivyo desturi ya huko kwa nyumba iliyojengwa kwa ajili ya maziko tu, chumba kilibomolewa. Mabati yalifungwa kwa kamba, yakarudishwa kwa mwenyewe.