Uwanja Ukinyamaza

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Ala, mbona mmenyamaza? Pakawa uwanja na wapiga kelele wake! Haya, sogeeni. Wewe Sikitu, mwachie paka mkia wake. Ngano hii si ya kuchezea, na mwenye moyo mwepesi amshike mwenzake mkono.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, mbuzi alikuwa akila akishiba anatulia kama wanyama wengine. Kwa nini siku hizi hatulii? Ngojeni, mtajua.

Zamani hizo palikuwa na Fisi mzee. Meno anayo, njaa anayo, miguu hana. Akimkimbiza mwanakondoo, anaachwa. Akimkimbiza sungura, ndiyo kabisa, anachekwa. Akalala na njaa siku ya kwanza. Akalala na njaa siku ya pili. Siku ya tatu akasema, "Miguu yangu imekataa kuwafuata. Basi waje wenyewe."

Mmesikia? Waje wenyewe!

Akafyeka majani, akakanyaga udongo mpaka ukawa mgumu, akapata uwanja. Akawamba ngoma. Ngozi aliitoa wapi, msiniulize. Siku ya gulio, soko likivunjika, jua lilipoanza kuinama, akaipiga: ndu! ndu! ndu! Wanyama wakaja. Mbuzi wakaja, kondoo wakaja, ng'ombe, punda, na kanga na vifaranga vyao.

Fisi akapanda juu ya kichuguu, akasema kwa upole kabisa, "Ndugu zangu, nimewaletea mchezo. Madume wawili wataingia, pembe kwa pembe. Mmoja atapakwa udongo mwekundu, mwenzake atapakwa udongo mweupe, toka kwato mpaka masikio, asijulikane ni mtoto wa nani. Atakayeshinda atashangiliwa, atakula mzigo mzima wa majani ya viazi. Atakayeanguka asiinuke, huyo ni wa mwenye uwanja."

Wanyama wakatazamana. Punda akauliza, "Na akizidiwa kabla hajaanguka?"

"Lo! Mimi sina roho mbaya," akasema Fisi. "Uwanja ukinyamaza, kimya kabisa, mchezo umekwisha, kila mtu aende kwao. Lakini nikisikia sauti ya mtazamaji, hata moja, hata ikisema neno gani, mchezo bado."

Wanyama wakacheka. Kunyamaza tu? Kazi gani hiyo! Wakakubali.

Wajinga wale! Gulio likaja, gulio likapita, na uwanja haukunyamaza hata mara moja. Fisi akanenepa, shingo ikapotea.

Sasa, kati ya watazamaji alikuwapo Bi Mbuzi. Msimdhanie mbaya. Jirani akiugua, yeye ndiye wa kwanza kufika na uji. Mtoto akilia njiani, anambeba. Lakini ngoma ya Fisi ikilia, Bi Mbuzi huyo si yule. Alikuwa na koo, jamani! Yeye ndiye aliyeanzisha, na uwanja wote ukamwitikia:

Pembe kwa pembe! — Ongeza!
Mpaka alale! — Ongeza!

Alikuwa na mtoto mmoja tu, beberu kijana, jina lake Kidari, mweusi tititi, mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso. Bi Mbuzi akirudi uwanjani hakuwa na habari nyingine. "Kidari, ungemwona Mweupe wa leo! Dume lile! Mama yake huko aliko na ajivune, huyo ndiye mtoto wa kuzaa!"

Na Kidari ameshateka maji, ameshafagia ua. Mama hakuyaona. Kidari akawa anasikiliza tu, huku anakwaruza ukuta kwa pembe zake.

Ng'ambo ya ua wa minyaa alikaa Bwana Kondoo na mkewe. Bwana Kondoo aliingia uwanjani akashinda, akaingia tena akashinda tena, kichwa kile kikagongwa, kikagongwa.

Asubuhi moja Bi Mbuzi akasikia hodi. "Mke wangu, nifungulie." Akafungua, kumbe ni Bwana Kondoo. Bi Mbuzi akacheka mpaka akashika mbavu. "Jirani, kwako ni kule!" Kondoo akageuka, akatazama. "Kule wapi?" akauliza.

Kesho yake akaja tena. "Mke wangu, nifungulie." Bi Mbuzi akacheka, ila kidogo.

Siku ya tatu akaja na mwanakondoo nyuma yake. Akamwinamia Bi Mbuzi, akamnong'oneza, "Jirani, huyu mtoto ni wa nani? Tangu asubuhi ananifuata."

Alikuwa mwanawe wa kumzaa! Bi Mbuzi hakucheka. 

Jioni ile ile Bi Kondoo akaja mwenyewe, macho mekundu. "Shoga, mume wangu anaingia tena gulio hili. Nimemkataza, hasikii, na mchana hakumbuki kama nimemkataza. Nakuomba kitu kimoja. Nyamaza. Wewe ukinyamaza, wote watanyamaza."

"Ebo! Kwani mimi ndiye niliyempiga?" akasema Bi Mbuzi. "Mimi nakaa kitako, natazama."

"Najua, shoga. Nyamaza tu."

"Na nani kamsukuma? Kaingia kwa miguu yake."

"Kweli. Nyamaza tu."

"Basi na sauti yangu ni moja, itazidi nini?"

Bi Kondoo akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Gulio likafika. Ndu! ndu! ndu! Bwana Kondoo akaingia amepakwa udongo mweupe, lakini mwendo wake wote waliujua. Pigo la kwanza akayumba. Pigo la pili akayumba. Pigo la tatu akapiga magoti, akabaki hivyo, damu inamtoka puani. Uwanja ukapoa. Punda akanyamaza. Ng'ombe wakanyamaza. Hata kanga, nao kanga mnawajua, wakafunga midomo. Juu ya kichuguu Fisi akakauka mate. Fisi aliogopa, watoto wangu! Kimya kile kingedumu kidogo tu, asingekula.

Bi Mbuzi koo likamwasha. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka tu kumwona akiinuka.

"Ongezaaa!"

"Nasikia sauti," akasema Fisi. "Bado."

Uwanja ukaripuka. Bwana Kondoo akainuka, masikini, akapigwa, akalala. Fisi akateremka taratibu, akamkamata mguu, akamburuta nyuma ya kichuguu. Wakasikia mfupa ukivunjika. Kisha wakasikia mwingine.

Na mnajua walizungumza nini njiani wakirudi? "Lakini mmeona alivyoinuka!" Hayo ndiyo waliyozungumza.

Bi Mbuzi siku ile chakula hakikupita. Akajiapiza: sirudi tena. Kidari akamuuliza, "Mama, aliinuka kweli?" Mama akashindwa kujizuia. "Aliinuka, mwanangu! Dume kwelikweli!"

Haya. Gulio jingine likaja. Ndu! ndu! ndu! Miguu ya Bi Mbuzi ikamchukua yenyewe. Nyumbani Kidari hayupo, wala hakuuliza kaenda wapi.

Akaingia Mweupe, jitu zima, shingo kama gogo. Akaingia Mwekundu, kijana, miguu myembamba inatetemeka. Watu wakacheka. Bi Mbuzi akapanda juu ya jiwe.

"Mwekundu hana miguu! Mweupe, mmalize!"

Pigo la kwanza, pu! Mwekundu akarushwa huko. Akasimama, akageuza kichwa, akaanza kutafuta kitu kwa macho katikati ya watazamaji. Bi Mbuzi akacheka. "Mtazameni! Anamtafuta mama yake!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Pigo la pili, pu! Mwekundu akaanguka, akainuka upande. Jasho likaanza kuuyeyusha udongo.

Pigo la tatu likamwingia kwenye paji la uso. Udongo mwekundu ukapasuka, ukabanduka, na chini yake ikatoka nyota nyeupe.

Sikitu, unalia nini? Mimi bado sijalia.

Bi Mbuzi akaruka toka juu ya jiwe akipiga mayowe, "Basi! Basi! Ni mwanangu!"

Uwanja ukasikia sauti ya Bi Mbuzi. Uwanja ulizoea nini? Sauti ile ikipanda, wao wanaitikia. "Ongeza!" wakaitikia.

"Nasikia sauti," akasema Fisi. "Bado."

"Acheni! Nawaombeni, acheni!"

"Ongeza!"

"Nasikia sauti. Bado."

"Mwanangu! Kidari wangu!"

"Ongeza!"

"Nasikia sauti," akasema Fisi, akalamba midomo. "Bado."

Kila alipolia, mwanawe alipigwa. Hapo akaelewa. Kilio chake na kelele zake kwa Fisi ni kitu kimoja. Akainama, akajaza udongo mdomoni, udongo ule ule wenye damu, akautia mpaka mashavu yakavimba. Akasimama mbele ya watazamaji, machozi yanamtiririka, mdomo umejaa. Mwanawe yuko nyuma yake anapigwa, yeye anasikia, na hawezi hata kusema "aa."

Wakamtazama. Wakangoja aanzishe, hakuanzisha. Kanga wa mbele wakaona udongo ukimtoka pembeni mwa mdomo, wakanyamaza. Ng'ombe wakawaona kanga, wakanyamaza. Punda akanyamaza.

Ikabaki sauti moja.

"Ongeza."

Haikuwa ya furaha wala ya hasira. Ilitoka nyuma kabisa, alikosimama Bi Kondoo.

"Ongeza."

Bi Mbuzi akaenda, akapiga magoti miguuni pake. Aombe vipi? Akifungua mdomo, hiyo ni sauti. Akamtazama tu. Bi Kondoo akamtazama yeye.

"Sauti yangu ni moja, shoga," akasema. "Itazidi nini?"

Pu! Pigo jingine likamwingia Kidari kichwani, akapiga magoti pale pale alipopigia mume wa Bi Kondoo.

Bi Kondoo akaliona. Mtoto yule alikuwa akicheza uani kwake. Alimpa maziwa mwaka ule mama yake alipougua. Midomo ikamtetemeka. Akaikaza, akaifunga.

Kimya.

Mweupe alikuwa ameshainua kichwa apige. Katika kimya kile, kwa mara ya kwanza, akasikia mwenzake anavyohema. Hee, hee, kama mtoto mwenye homa. Akashusha kichwa. Akakaa chini, na yeye akalia, lakini bila sauti.

Fisi akasimamisha masikio. "Jamani," akasema, "hata kikohozi?" Hakuna. "Hata chafya?" Hakuna. Watazamaji wakainuka, mmoja mmoja, kila mmoja anaogopa kumtazama mwenzake, wakaenda zao. Gulio lililofuata ngoma ikalia mpaka ngozi ikapasuka, hakuja mtu. Fisi akarudi porini na njaa yake. Mpaka leo huko porini hucheka peke yake, halafu hunyamaza kidogo. Anasikiliza kama yuko wa kumwitikia.

Bi Mbuzi akamwosha mwanawe udongo kwa machozi, akamtegemeza ubavuni, akamrudisha nyumbani pole pole. Walipofika, akatangulia ndani kumtandikia. Kugeuka, mtoto hakuingia. Amesimama mlangoni, nyota yake imevimba, anautazama ua aliokuwa akiufagia kila siku.

"Hodi," akasema Kidari kwa adabu. "Samahani, mama. Hapa ni kwa nani?"

Bi Mbuzi akataka kujibu, na udongo ulikuwa bado mdomoni.

Tangu siku ile mbuzi hatulii. Ameshiba, anatafuna. Hakuna majani, anatafuna. Anauweka mdomo wake kazini, usije ukapata nafasi ya kusema neno lile tena.

Hii ndiyo maana yake, watoto wangu. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayepakwa udongo ni mtoto wa mtu, hata kama humjui. Usiseme "mimi natazama tu." Fisi hakuwa na miguu. Miguu yake ilikuwa sauti zao.

Ngano yangu nimeitua hapa. Iliyo njema mwende nayo, iliyo chungu ndiyo dawa. Siku zote nikimaliza mnanipigia makofi na vigelegele.

Leo msinipigie. Nyamazeni kidogo, tusikie nani anahema.